Mwaliko wa Tetekuwanga

Mutomo,
10 Agosti 1986

Kwa wifi yangu Abdiya,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Sisi ni wazima, ukiacha miguu yangu ambayo imevimba mpaka viatu vimenikana, na Kivuva, mume wangu, anayesema mimba hii ya miezi saba inamchosha sana. Anachoka akiwa amelala. Nikuulize hali ya kaka yangu Mutunga, hali ya Sahara na Abukar, na hali ya ng'ombe wa watu wa Tseikuru, ambao kaka yangu huwatibu vizuri kuliko anavyojibu barua. Mwaka huu ameniandikia mara moja tu, na ilikuwa kuniuliza kama alisahau koti lake kwangu.

Sasa jambo lenyewe. Shule zilipofungwa niliwapeleka watoto wangu wawili kwa Mama, Kathonzweni, ili nipumzike. Nimepumzika siku nne. Siku ya tano nimeletewa habari kwamba Mulei ametoka tetekuwanga mwili mzima, na dada yake Kavata analazwa naye blanketi moja kwa amri ya Mama, ili naye aipate wamalize mambo. Mama ndivyo alivyo. Kwake tetekuwanga ni kama mbegu nzuri ya kunde, ikiingia bomani lazima watu wagawiwe.

Basi Mama anasema ulete watoto wako. Ndiyo, umesoma sawa, rudia kama unataka. Anasema heri waugue sasa wakiwa wadogo, wajikune wiki moja waishe, kuliko ugonjwa uje uwakute wana ndevu.

Kwa vile hujawahi kufika kwa Mama, wacha nikufundishe adabu ya mambo haya, maana yana adabu yake. Huendi mikono mitupu. Unabeba sukari na sabuni ya mche, kwa sababu mashuka yatafuliwa sana. Hufiki alfajiri kama mtu anayedai haki yake. Huombi ugonjwa, mwenye mgonjwa ndiye husema, "Wacha watoto wacheze pamoja," na wewe unajifanya hukufikiria jambo kama hilo. Watoto wanakunywa uji kibuyu kimoja na kuvaliana mashati. Huhesabu vipele vya mtoto wa mwenyewe, hata viwe vingi namna gani. Na ukiondoka usiseme asante. Mama anasema ukisema asante ugonjwa unageuka zawadi, na zawadi hurudishwa.

Mimi siwezi kuja. Jirani yangu, nesi Ndinda, ameniuliza kama niliugua tetekuwanga utotoni. Nikamwambia Mama husema tuliugua sote. Akasema "husema" si jibu, na kwa mwenye mimba huo si mchezo, nikae mbali. Alisema pia maneno kuhusu watu wanaowatafutia watoto magonjwa kwa makusudi. Hayo siyaandiki, karatasi hii ni ya heshima.

Nenda, wifi. Nenda kabla Kavata hajapona.

Wifi yako,
Nthenya


Tseikuru,
18 Agosti 1986

Wifi Nthenya,

Asalaam aleikum. Barua yako imekuja kwa lori la kaka yangu Hersi, ikiwa na harufu ya mbuzi, kwa hiyo nilijua mara moja ni ya jamaa. Tumetoka tu kwenye Idi, watoto wameshiba nyama na wanakataa kila kitu kingine. Pole kwa miguu. Mpe Kivuva pole zaidi, naona yeye ndiye mgonjwa.

Nimeolewa na kaka yako miaka saba. Katika miaka hiyo kumekuwa na harusi ya binamu yenu, Krismasi saba, mazishi ya baba yenu, Mungu amrehemu, na sherehe ya nyumba mpya ya Mama ya mabati. Sikualikwa hata kwa moja. Sasa nimealikwa tetekuwanga. Nilimsomea Mutunga barua yako mara mbili. Alicheka, halafu akatoka nje akakaa muda mrefu akimtazama punda wa jirani.

Mimi si mtoto. Najua Mama ana mambo mawili juu yangu. La kwanza, mwanawe aliingia msikitini kwa sababu yangu, na kina mama wa kanisani kwenu walimwombea wiki nzima kama mtu aliyetumbukia kisimani. La pili ni jina. Mutunga aliniambia desturi yenu, kwamba msichana wa kwanza ni wa mama ya mume, na ilifaa aitwe Kalondu. Aliniambia wakati mtoto ana miezi mitatu na tayari anaitwa Sahara, jina la nyanya yangu. Kaka yako hutoa habari kama mvua ya huku kwetu, inafika wakati kila kitu kimeshakauka.

Kwa hiyo nakuja. Nina kilo nne za sukari na miche miwili ya sabuni. Kama mlango wa mama mkwe unafunguliwa kwa vipele, basi nipewe vipele. Ila sijui hasa hii tetekuwanga ni ipi. Sisi magonjwa ya watoto tunayaita kwa Kisomali, na shuleni hatukufika huko. Nadhani ni ile ya macho mekundu na kikohozi. Mutunga nimemuuliza, lakini yeye ana elimu ya wanyama wenye kwato tu.

Jambo moja hukuniambia. Mama ataniita nani? Mutunga anasema akitaka kujua hali yangu huuliza, "Na huyo mwingine hajambo?" Nataka kujua kama nikifika nijibu jina hilo.

Abdiya


Kathonzweni,
25 Agosti 1986

Wifi Nthenya,

Tumefika juzi Jumamosi, tuko salama, mavumbi ya njiani tumeyala bila chumvi. Watoto wako hawajambo. Mulei amekauka, anabanduka magamba na kuyakusanya kwenye sanduku la kiberiti, sijui anataka kumuuzia nani. Kavata ndiye amechanua sasa. Sijahesabu, nina adabu.

Mama yako alitupokea kwa mshangao mkubwa sana kwa mtu aliyetualika. Alikuwa anapepeta pojo. Akatuona, ungo ukabaki hewani, na pojo zikaenda kwa kuku. Akamtazama Sahara, akamtazama Abukar, akanitazama mimi na sukari yangu. Kisha akasema kwa sauti nzuri kabisa, "Karibuni, wageni."

Tangu hapo mimi ni mgeni. Nimekalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufumwa. Nalishwa kwa sahani yenye maua ambayo Kavata anasema hata mchungaji hupewa siku ya Pasaka tu. Nikishika ufagio, ananipokonya. "Mgeni hafagii." Nikichukua mtungi, "Mgeni haendi mtoni, atachoka." Nikisema nisonge ugali, "Aa-a, mgeni akae." Nasema Kikamba changu cha sokoni, ananijibu Kiswahili cha kanisani, ili nisijisikie niko kwetu. Wifi, nimewahi kutukanwa na madalali wa ng'ombe ambao hawaogopi Mungu wala mama zao. Sijawahi kutukanwa kwa heshima hivi.

Watoto nao hawana habari. Wote wanne wanalala blanketi moja, wanapigana kama paka, asubuhi wanakunywa uji kibuyu kimoja. Mama anawapanga mwenyewe, anahakikisha Sahara amekaa ubavuni pa Kavata. Kwa hilo hatuna ugomvi, tunawagonjwesha watoto kwa ushirikiano mzuri.

Nijibu haraka, na uniambie kama kweli Mama ndiye aliyetualika.

Abdiya


Mutomo,
1 Septemba 1986

Mpendwa wifi,

Nimefurahi kusikia mmefika, na Mama ametoa sahani ya maua. Mimi bintiye nilikula kwenye hiyo sahani siku moja, kwa wizi, nikachapwa. Huku hatujambo. Mbuzi wa jirani amekula shuka langu na nesi Ndinda amenipima, anasema mtoto amekaa vizuri.

Kuhusu mwaliko, Mama siku hizi husahau. Tuache hilo.

Sikia, vumilia tu. Shule zinafunguliwa, nitumie Mulei na Kavata kwa basi wakishakauka kabisa. Na wako je? Wametoka vipele? Wiki moja imepita, nangoja habari njema kwamba wanavyo.

Samahani kwa barua fupi, nimeitwa.

Nthenya


Kathonzweni,
6 Septemba 1986

Wifi,

Unasema umeitwa. Mutomo nzima haina mtu aliyeitwa katikati ya barua kama wewe.

Watoto wako nimewapandisha basi leo, safi, kucha nimewakata. Wangu wamekataa kuugua. Siku kumi na nne, wifi, na hawana hata kipele cha mbu. Mama amehangaika. Amemvalisha Sahara shati la Kavata, lile ambalo Kavata alilala nalo siku tatu. Amemwogesha Abukar kwa maji ya kuogea ya mgonjwa. Jumapili aliwapitisha kanisani akaomba mbele ya watu, na mimi nilingoja nje kwenye kivuli nikisikia mama mkwe akimsihi Mungu awape wanangu ugonjwa. Watu waliitika amina.

Sasa nikuambie jambo, na ulikunje uliweke chini ya godoro. Siku ile ya kwanza, nilipoona mgongo wa Kavata, nilijua. Hii si ile ya macho mekundu. Hii ni busbus! Kwetu inaitwa busbus, na wanangu waliugua mwaka juzi, wote wawili, wakati wa kiangazi, Abukar akiwa ananyonya. Mimi mwenyewe niliugua nikiwa kama Sahara. Tetekuwanga yenu ni busbus yetu. Nimesafiri siku mbili na lori la mbuzi kuja kutafuta kitu nilichonacho nyumbani.

Na sikusema. Ningesema, ningefanya nini tena hapa? Ningekunywa chai, nibebe watoto, nirudi Tseikuru na hadithi. Kwa hiyo nilinyamaza, nikamwacha Mama abadilishe mashati.

Kuna jambo jingine. Nyama sikuwa nimekula tangu nifike, nilikuwa nasema nimeshiba. Alhamisi Mama aliondoka na jogoo kwapani bila kuaga mtu, akatembea mpaka sokoni. Alirudi adhuhuri amechoka, jogoo amechinjwa. Kavata ndiye aliyeniambia: alikwenda kumtafuta Mwislamu mwenye duka amchinjie. Mama alinipakulia, akaweka sahani mbele yangu, akasema, "Mgeni ale." Nilikula huku machozi yananitoka, nikasingizia pilipili. Kulikuwa hakuna pilipili.

Kesho kutwa nitaondoka. Sina sababu tena ya kukaa.

Abdiya


Kathonzweni,
9 Septemba 1986

Wifi,

Sijaondoka. Mtu ametoka tetekuwanga.

Ni Mama.

Abdiya


Mutomo,
16 Septemba 1986

Wifi yangu,

Nilicheka mpaka Kivuva akaamka. Halafu nesi Ndinda akaja, nikamwonyesha barua, na yeye hakucheka. Anasema kwa mtoto ni mikwaruzo, kwa mtu wa miaka sitini na mbili inaweza kuingia kifuani. Anasema mumpeleke hospitali akianza kuhema. Sasa sicheki tena.

Lakini inawezekanaje? Mama ametuambia maisha yetu yote kwamba aliugua. "Mimi ilinishika nikiwa kasichana kadogo, nikatoka kama njugu." Kwa maneno hayo ametupangia sisi magonjwa, na amewapangia watoto wa nusu ya Kathonzweni. Nesi ameniuliza, je, alikuwa na macho mekundu na kikohozi? Nikakumbuka shangazi aliwahi kusema Mama nusura apofuke utotoni. Basi Mama aliugua surua! Kwa Mama kipele ni kipele. Wewe hukujua tetekuwanga, yeye hakujua tetekuwanga, na mimi niliyeijua nilikuwa Mutomo na miguu kama magogo.

Mulei na Kavata wamefika. Nesi aliwakagua nje ya mlango kama askari wa kizuizi cha barabarani kabla hawajaingia.

Wifi, na mimi nina jambo la chini ya godoro. Mama hakukualika. Nilikualika mimi. Nilijua nikikuambia njoo tu, hutakuja, na nikimwambia Mama nawaleta, atakataa. Niliona tetekuwanga ni kitu ambacho Mama hawezi kumnyima mtu. Nilifikiri mtakaa wiki moja, mtalishana uji, basi. Sikujua nakutuma kwenda kumuuguza.

Mimi siwezi kufika, nesi ameapa atanifunga kamba kitandani. Mutunga ameniandikia, barua ya pili mwaka huu, anauliza mke wake atarudi lini kwa sababu hajui chumvi inawekwa wapi. Huna deni nasi. Ukisema unarudi kwa mume wako sitakuwa na neno. Lakini nakuomba usirudi. Nakuomba.

Nthenya


Kathonzweni,
23 Septemba 1986

Wifi Nthenya,

Kuhusu mwaliko, nilijua tangu ule ungo. Uwongo wako ni kama wa kaka yako, unaonekana visigino.

Salamu baadaye, wacha nikuambie hali. Mama ni mgonjwa sana. Vipele vimeingia mpaka mdomoni, hamezi kitu ila uji mwepesi nikimnywesha kwa kijiko. Homa haishuki. Juzi kifua kilianza. Nilitafuta gari, tukampeleka kwa daktari. Wakampa sindano na dawa, wakataka alazwe, akakataa. Alisema hawezi kulazwa na ugonjwa wa watoto, watu wa kanisa watakuja kumwona na machungwa. Nikamwambia, "Mama, utakufa kwa sababu ya machungwa?" Akasema, "Mgeni, nirudishe nyumbani." Nimemrudisha na vidonge, nimeambiwa akibadilika tu nimrudishe mara moja, atake asitake. Dereva wa gari nimemwambia asiende mbali.

Kina mama wa kanisa wamekuja mara mbili, wakasimama langoni. Wengi hawajui kama waliugua tetekuwanga au surua, kwa sababu waliambiwa na Mama. Niliwarudisha. Mmoja akaniuliza, "Na wewe ni nani wa kutufungia lango?" Nikafunga tu.

Jana mchana nilikuwa nampaka mgongoni ile dawa ya maji yenye rangi ya waridi. Nilidhani amelala. Kisha akasema, na sauti haitoki vizuri:

"Sahara ako na alama. Hapa kwa shingo, na hapa kwa kipaji. Mbili."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Hiyo ni alama ya tetekuwanga. Alishaugua kitambo. Hata ule mdogo."

Nikamuuliza, "Umeona lini?"

"Siku ile mlikuja. Mimi nimeangalia watoto miaka arubaini, siwezi jua alama?"

"Na yale mashati, Mama? Na maji ya kuoga? Na maombi?"

Alikohoa, nikamshikilia mabega. Halafu akasema, "Na wewe mbona hukusema?"

Nikaendelea kumpaka. Wifi, alikuwa anajua siku zote hizo. Alimwomba Mungu kanisani mbele ya watu kitu ambacho alijua hakiwezekani, ili tusiondoke.

Leo asubuhi hakunitambua. Sina la kuchekesha. Omba kwa njia yako, mimi naomba kwa yangu.

Abdiya


Mutomo,
4 Oktoba 1986

Abdiya wangu,

Siku kumi na moja tangu tarehe ya barua yako na sijapata nyingine. Nimemtuma Kivuva posta kila siku mpaka karani anamwita kwa jina. Nimejifungua tarehe 28, mtoto wa kiume, mzima, ana sauti ya tarumbeta. Nilitaka kumwambia Mama kwanza na sijui kama ninaye wa kumwambia.

Nimefikiria mambo mengi nikiwa kitandani. Hiyo miaka saba, wifi, sikuwahi kusema neno mbele ya Mama kwa ajili yako. Nilikuwa nakuandikia barua za utani na kujiona mtu mwema. Mama akisema "huyo mwingine", mimi nilikuwa nachambua mboga, naendelea kuchambua. Ilinibidi kungoja ugonjwa nijifiche nyuma yake. Naona aibu. Nilitaka uisome kwa mwandiko wangu.

Kama Mama amekwenda, niambie wazi, usinizungushe. Kama yuko, mwambie ana mjukuu. Na wewe mwenyewe, vyovyote iwavyo, niandikie.

Nthenya


Kathonzweni,
14 Oktoba 1986

Wifi Nthenya,

Hongera kwa tarumbeta. Mama yuko. Nilikuandikia tarehe mbili kukuambia homa imeshuka na ametambua watu, nikampa mtu aliyesema anakwenda Mutomo. Leo nimemwona sokoni, anasema alipitia Emali kwanza. Barua iko bado kwenye koti lake. Nimemwombea duniani na akhera.

Ilianza kushuka siku ya tatu baada ya barua yangu. Alifungua macho akaomba muthokoi, yale mahindi yenu yaliyokobolewa. Nikampa uji. Akaangalia kikombe, akaniangalia, akanywa. Kuanzia hapo amekuwa akipata nafuu na kukasirika, vyote kwa kipimo kimoja. Wiki iliyopita alikaa nje juani kwa mara ya kwanza. Uso umebaki na madoa, anasema afadhali, sasa hakuna mzee wa kanisa atakayemsumbua.

Jumamosi nilimpelekea chai. Akaonja, akaitema chini, akapiga kelele ambayo nadhani ulisikia huko uliko:

"Wewe Abdiya! Hii ni chai ama ni maji ya kuosha sufuria? Unataka kunimaliza wewe, vile ugonjwa imeshindwa? Na hizi kuni nani ameacha kwa umande? Na huyu Sahara mbona hajachanwa nywele, ni yatima? Umesimama hapo kama nguzo! Chukua mtungi uende mtoni na wenzako, ama unangoja kubebwa?"

Wifi, nilikimbia. Nilichukua mtungi nikakimbia njia nzima ya mtoni huku nacheka na kulia, na wanawake walionikuta huko walidhani Mama amekufa. Nikawaambia hapana, amenigombeza. Walinielewa.

Jana Mutunga amekuja na lori la Hersi kutuchukua. Alikuwa amekonda. Alisalimia, akakaa kwenye kile kiti cha kitambaa, akapewa ile sahani ya maua, na akaanza kusema kwamba ametuletea usafiri. Mama alikuwa anachagua mbegu. Hakuinua kichwa.

"Usafiri ya nani?"

"Ya Abdiya na watoto, mwaitu, mama yangu. Wamekaa sana."

"Mvua iko hapo nyuma ya kilima na wewe unataka kubeba mtu? Nani atapanda, wewe na viatu zako za serikali? Mtoto nimeshaandikisha shule. Rudi Tseikuru ukapike. Mbuzi hazijui hata kama umeoa."

Mutunga alinitazama nimtetee. Mimi nilikuwa nachambua kunde, nikaendelea kuchambua. Nilikumbuka barua yako, na nikaona ni kweli, kazi hiyo inasaidia mtu sana. Ameondoka leo asubuhi na lori. Nimemwandikia kwenye karatasi chumvi iko wapi. Tukimaliza kupanda nitarudi kwake, Mama akipenda.

Aibu yako nimeisoma. Imenifikia, na sitaitaja tena isipokuwa nikikasirika.

Mama anasema ulete mtoto amwone, nesi akikuruhusu. Anasema atakutengenezea kitanda cha kile chumba kizuri, na usibebe kitu. Njoo tu, wifi, tutakukaribisha. Ila lango tunalifunga siku hizi kwa sababu ya ng'ombe, kwa hiyo ukifika piga hodi, nitakuja kukufungulia.

Abdiya